Nakala ya Wimbo wa Kuaga

Diski inayokaribia kufa hulia ovyo ovyo. Mara ikwaruze, mara inyamaze, mara igonge kama kuku anayedonoa mahindi kwenye bati. Ile iliyokuwa ndani ya kompyuta ya marehemu Mzee Mulei haikulia ovyo. Iligonga mara tatu, ikanyamaza, ikagonga mara mbili, ikanyamaza, kisha ikaanza upya, na ilifanya hivyo kutwa nzima bila kukosea. Munguti alikaa kando yake wiki mbili kabla ya kugundua kwamba mkewe Ndunge, akiosha vikombe nyuma ya duka, alikuwa akigonga kidole kwenye karai kwa mpigo huo huo.

"Ndunge, hiyo ni nini unagonga?"

"Kugonga? Mimi?" Ndunge alikitazama kidole chake kana kwamba kimeletwa na mgeni. "Aki sijui. Labda hiyo kompyuta yako imeniingia kichwa." Akacheka, akaendelea kuimba.

Kuimba kwa Ndunge lazima kuelezwe mapema, maana hapo ndipo palipo na uchungu wote. Munguti alikulia katika nyumba isiyo na sauti ya mama. Mama yake, Nzula, aliacha kusema Munguti akiwa na miaka miwili, na hakutamka neno tena hadi alipozikwa. Alipika, alilima, alipiga makofi kumwita mwanawe akale, lakini sauti yake mwanawe hakuikumbuka. Kwa hiyo siku alipomsikia Ndunge akiimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kanisa, hakujali sura wala hakuuliza ni binti wa nani. Aliitaka sauti ile iwe ndani ya nyumba yake. Miaka kumi na moja sasa Ndunge aliimba akifua, aliimba akimsuka binti yao Celine, hata kumgombeza mumewe alimgombeza kwa tuni, na Munguti, ingawa alijifanya kulalamika, alikuwa mtu mwenye furaha.

Duka lao lilikuwa chumba kimoja katika plot ya Mzee Kasaine, karibu na soko la Kitengela. Dereva, mwenye baa, mwenye harusi, kila mmoja alikuja na flashi yake na kusema anataka kuwekewa nyimbo gani. Nyimbo zilikuwa elfu kumi na moja na ushei, nyingi zikiwa kazi ya baba yake. Mzee Mulei alikuwa fundi wa redio upande wa Mashuuru, na ujana wake wote alizunguka na kinasa sauti akirekodi vikundi vya ngoma. Uzeeni alizihamisha kanda zote kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine, kwa subira ya mtu anayechambua mchele. Kila kitu alikinakili mara tatu. Folda moja tu hakuinakili, na kanda yake aliichoma moto siku ile ile alipomaliza kuihamisha.

Juu ya kioo cha kompyuta alikuwa amebandika plasta yenye maandishi ya kalamu nyekundu: KILUMI. HAINAKILIWI. UKIANZA, MALIZA.

Kilumi ni ngoma ya Wakamba ya kushughulikia majini. Wanawake wazee hupiga ngoma ndefu, mgonjwa hucheza, jini humpanda na kusema linataka nini, hupewa, halafu huimbiwa wimbo wa kuliaga liende zake. Folda ile ilikuwa na nyimbo tisa, zote za siku moja ya mwaka 1989. Nane za kuita, ya tisa ya kuaga. Mzee Mulei aliisikiliza hiyo ya tisa karibu kila jioni. Mwisho kabisa, ngoma zikishanyamaza, ilisikika sauti ya mwanamke kijana ikiuliza kwa Kikamba, polepole, "Uko hapo?" Na mzee, peke yake mbele ya spika, alijibu, "Niko." Munguti na Ndunge walimcheka kwa hilo, si kwa ubaya. Walidhani ni uzee tu, na kwamba ile "hainakiliwi" ilikuwa hila ya kuwanyima wafanyabiashara wenzake.

Basi mzee alikuwa amefariki miaka sita, na diski yake ilikuwa ikigonga. Munguti hakuwa mtu wa kupoteza kitu. Simu yake ilikuwa na picha elfu sita, nyingine za kidole chake mwenyewe, na hata moja hajaifuta. Alinunua diski mbili za nje, ya kufanyia kazi dukani na ya kufungiwa kabatini nyumbani.

"Moja ikiharibika, niko na ingine," alimwambia Ndunge. "Nyimbo za mzee haziwezi potelea mikononi mwangu."

Jumatano hiyo alianza kunakili saa tatu asubuhi. Mstari wa kijani ulitambaa. Folda ya kilumi aliijumuisha na nyingine zote, plasta au hakuna plasta. Ilipofika saa tisa mchana, stima ikapotea Kitengela nzima. Mashine za kusaga zikanyamaza, redio za kinyozi zikanyamaza, kioo cha kompyuta kikawa cheusi. Ndani ya kompyuta ile isiyokuwa na umeme hata chembe, diski iliendelea kugonga. Tatu. Kimya. Mbili.

Munguti alijiambia ni chuma kinapoa. Stima iliporudi, kompyuta ilimuuliza: faili hizi tayari ziko upande wa pili, ziandikwe upya au zirukwe? Kulikuwa na dereva mlangoni anapiga honi kwa mdomo, ana haraka. Munguti akabonyeza "ruka zote." Hakufikiria kwamba faili iliyokuwa njiani wakati stima inapotea ilikuwa imefika jina tu, ndani tupu, na kwamba kuruka zote kungeiruka nayo. Kisha akaongeza kosa juu ya kosa. Nakala ya pili hakuitoa kwenye kompyuta ya mzee, maana ilikuwa inajikokota. Aliitoa kwenye diski mpya. Sasa alikuwa na pengo moja, mara mbili.

Kesho yake kelele ya diski ilizidi hadi wateja wakaanza kuuliza. Munguti alikuwa amechoka nayo. Aliifungua kompyuta, akaitoa ile diski, akaenda nayo nyuma ya plot na kuigonga nyundo mpaka visahani vyake vya kung'aa vikavunjika vipande vipande. Pigo la mwisho lilipotua, hewa ilinuka ngozi ya mbuzi inayokaushwa motoni, halafu ugoro. Akasimama na nyundo mkononi, akisikiliza. Kimya kilikuwa kitamu sana. Kisha kutoka ndani ya duka akasikia kidole kikigonga kaunta: tatu, kimya, mbili.

"Weka kilumi," Ndunge alisema alipoingia.

Munguti alishangaa. Ndunge hakuwahi kuipenda folda ile, alisema ni mambo ya kuzimu. Lakini alikuwa ametulia, na diski mpya ilihitaji kujaribiwa, basi akaiweka. Nyimbo nane zilipita vizuri, ngoma nzito, sauti za wanawake zikipokezana. Ya tisa haikufunguka. Akajaribu tena. Akatoa ile diski nyingine mkobani, ambayo bado hajaipeleka nyumbani, akaichomeka, na ya tisa ikawa ile ile, jina tu. Hapo ndipo alipokumbuka nyundo.

Ndunge alikuwa amesimama katikati ya duka, amempa mgongo. Spika hazikuwa zikilia chochote. Miguu yake ilikuwa ikikanyaga sakafu.

"Ndunge."

Hakugeuka.

"Mama Celine, wacha mchezo."

"Mmeniita mara nane," ilisema sauti kutoka kwa Ndunge, nzito, yenye kikohozi cha mvuta tumbaku. "Nani ataniaga?"

Tangu siku hiyo, kila ilipofika saa tisa mchana, jua likiwa kali na vumbi la barabara limesimama hewani, harufu ya ngozi motoni iliingia kwanza, ikafuatwa na ya ugoro, na Ndunge, popote alipokuwa, sokoni akichagua nyanya au nyumbani akikagua madaftari ya Celine, aliweka chini alichoshika, akavua viatu na kuanza kucheza, saa moja siku ya kwanza, mbili siku ya pili, na siku ya sita alicheza mpaka nyayo zikapasuka na kuacha alama za damu kwenye simiti, na wakati wote huo uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu anayengoja kuitwa jina kliniki. Akimaliza alianguka. Akiamka hakukumbuka. Na hakuimba tena, hata akifua.

Kanisa lilikuja, akina mama wakamzunguka na kumwombea mpaka sauti zikawakauka. Jini lilingoja wamalize, likauliza kwa upole, "Na wimbo?" Hospitali walimwekea maji mkononi, wakampima moyo. Daktari alimwonyesha Munguti karatasi yenye mistari, akaifuata kwa kalamu. Milima mitatu, pengo, milima miwili, pengo.

"Sijaona moyo unapiga hivi," daktari alisema. "Na umechoka. Ukiendelea namna hii, sidhani utamaliza wiki mbili."

Munguti alitoka nje ya wodi, akakaa kwenye ukingo wa bustani ya maua na kulia bila kuficha uso. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

Mzee Kasaine, mwenye plot, ndiye aliyemkuta dukani siku iliyofuata, akikodolea macho lile jina lisilofunguka.

"Supa, Munguti."

"Ipa, mzee."

Kasaine hakukaa. Alikuwa mfugaji wa Kimaasai, mrefu, wa makamo, mwenye sauti ya chini, na siku hiyo aliishusha zaidi. "Jana hii mlango ilikuwa na kufuli. Nimepita hapa saa tisa, ngoma inalia ndani. Mimi nimelala nje na ng'ombe, simba akinguruma. Sikuogopa hivyo."

Munguti alimweleza yote, kuanzia stima hadi nyundo. Kasaine alitikisa kichwa.

"Sisi mtu akishakufa, hata jina yake hatutaji. Tunamwacha aende. Nyinyi mnaweka sauti zao kwa sanduku, mnawaita kila siku, halafu wakikuja mnashangaa." Akatazama kompyuta iliyofunguliwa tumbo. "Hiyo wimbo ya kuaga, nani aliimba?"

"Mama mmoja anaitwa Mbeke. Baba alikuwa anamtaja. Sijui kama ako."

"Mbeke mwenye kuuza ugoro soko ya Mashuuru? Ako. Mzee sana, lakini ako. Kesho nitawapeleka na pikapu yangu."

Walimwacha Celine kwa jirani, wakamtoa Ndunge hospitali, wakaondoka asubuhi. Ndunge aliketi kati ya wanaume wawili, kidole chake kikigonga dashibodi njia nzima, na hakuna aliyethubutu kumshika mkono.

Mbeke alikuwa amekunjika kama panga la kale, macho mekundu ya moshi, na alipomwona Ndunge akishuka hakuuliza ni mgonjwa gani. Aliwatuma watoto wa boma waende kuchunga mbali. Akaita wanawake wawili wazee wa karibu, wakaanza kukausha ngozi za ngoma motoni. Munguti aliisikia harufu ile, akaijua.

"Nani alimwita?" Mbeke aliuliza.

"Ni mimi, susu. Nilicheza zile nyimbo za baba. Mulei."

"Na ukamaliza?"

"Ya kuaga ilipotea. Nilikuwa nahamisha nyimbo kutoka kompyuta, stima ikapotea."

Mwanamke mzee alimkazia macho. "Ya kuaga itapoteaje, na haikuwekwa kwa mashine? Nilimwambia baba yako azime. Akaniambia amezima."

Munguti hakutaka kumsema baba yake kaburini.

"Siku hiyo tulikuwa tunamwimbia mama yako," Mbeke aliendelea. "Hukuambiwa? Ulikuwa mgongoni kwa mtu, unalia. Nzula alicheza hapa hapa, siku tisa."

"Akapona?"

"Alipona. Alilala siku mbili, akaamka, akaomba chakula kwa mkono. Sauti haikurudi." Alisugua magoti yake. "Nimeaga wanawake zaidi ya arobaini, kijana yangu. Wote waliamka wakiongea. Ni Nzula peke yake. Mpaka leo sijui nilikosea wapi."

Kisha akatoa amri. Vyungu vyote vifunikwe. Mlango wa nyumba ufungwe. Asiyecheza afumbe mdomo. "Jini likiagwa linatoka kwa mbio, haliangalii. Chenye kimeachwa wazi, linaingia hapo na chenye limeshika. Hizo simu zenu zimeni. Mnanisikia?"

"Tunasikia, yeyo," alisema Kasaine, akaitoa hata betri ya kasimu kake kadogo na kuitia mfuko mwingine.

Munguti naye alizima yake mbele ya macho ya mwanamke mzee. Halafu akaomba kwenda chooni, na huko, amesimama nyuma ya mabati, akaiwasha tena. Hakufanya kwa dharau. Alifikiria kwamba Mbeke amepita miaka themanini. Alifikiria kwamba akifa, wimbo umekufa naye, na jini likirudi nani ataliaga? Alifikiria stima, na lile jina lenye tumbo tupu. Na alifikiria kwamba baba yake alirekodi wimbo uo huo, na hata hivyo jini liliondoka. Akabonyeza kitufe chekundu, akaitia simu mfuko wa shati.

Saa tisa ilipofika hakuna aliyehitaji kutazama saa. Ngoma zilianza polepole, tatu, kimya, mbili, na Ndunge akavua viatu, akaingia katikati na nyayo zake zilizofungwa vitambaa, na vumbi la boma likapanda mpaka kiunoni mwake, na kadiri ngoma zilivyozidi ndivyo alivyozidi kuonekana si mmoja, kwamba pembeni yake vumbi lilikuwa likikanyagwa na miguu mingine ambayo haikuwa na mtu juu yake, mikubwa, ya polepole, ikiacha alama na kuzifuta, mpaka mmoja wa wapiga ngoma akafumba macho asione, na Kasaine, aliyelala nje na simba, akaegemeza paji la uso kwenye mlango wa pikapu na kumtaja Enkai, Mungu wake, kwa mnong'ono, na hapo ndipo ile sauti ya kikohozi ilipotoka kifuani mwa Ndunge ikisema, "Niageni, nimechoka, niageni," na Mbeke akafungua mdomo.

Sauti yake ilikuwa nyembamba, imekatika katika, lakini haikutetemeka. Alilitaja jina la Ndunge, akasema mwenye nyumba amerudi, mgeni achukue njia yake. Aliimba mara nne. Mara ya nne Ndunge alipiga ukelele mmoja mrefu, safi, sauti ile ile ya kwanza ya kanisani, halafu akaanguka. Ngoma zikapinduliwa kifudifudi. Upepo haukuwepo, ila vumbi lilikimbia.

"Limeenda," Mbeke alisema.

Munguti alisikia joto kali kifuani, upande wa mfuko. Alidhani ni jua.

Ndunge alilala siku mbili. Alipoamka, moyo wake ulipiga kama wa watu wote, daktari alitabasamu, na nyayo zilianza kufunga. Alikula ugali na kunde, akaonyesha kwa mkono aongezewe. Celine aliruka kitandani, akamshika mashavu.

"Mum, umepona? Mum, sema. Mbona husemi?"

Ndunge alifungua mdomo. Ulimi ulisogea, koo ilisogea. Hakukutoka kitu. Akajaribu tena, macho yakamtoka, akamtazama mumewe kwa woga ambao Munguti hakuwahi kuuona hata siku za ngoma. Munguti alimkumbatia, akamwambia itarudi, ni uchovu. Moyoni alikuwa tayari ameanza kukumbuka vitu.

Siku ya tatu alimwacha nyumbani na jirani, akafungua duka. Akafunga mlango nusu, akaichomeka simu kwenye spika. Rekodi ilikuwa ya dakika hamsini na mbili. Alisikiliza yote: ngoma, Mbeke, ukelele, kimya. Kisha mtu akavuta pumzi karibu kabisa na kinasa sauti.

"Munguti?" sauti ya Ndunge iliuliza. "Uko hapo?"

Alikaa chini, si kwenye kiti, sakafuni. Alimwona baba yake mbele ya spika kila jioni akijibu. Aliona plasta, kalamu nyekundu, kanda ikichomwa ili ibaki moja tu. Alijua sasa ni nani aliyekuwa akiuliza mwishoni mwa wimbo wa tisa miaka yote ile, sauti ambayo aliitamani tangu utoto na ambayo ilikuwa ikilia chumba cha pili. Na alijua ni nini alichokivunja kwa nyundo nyuma ya plot, kwa sababu kilimkera.

"Niko," alisema, akilia. "Niko hapa, mama Celine."

Alirudisha nyuma, akacheza tena. Mara hii Ndunge hakuuliza hivyo. Aliuliza kama Celine amekula, akasema huko aliko ni giza, na nyuma yake, mbali, kitu kiligonga: tatu, kimya, mbili.

Simu ilibaki na chaji kidogo, na kioo chake kilikuwa na ufa. Munguti aliitazama na kuona jinsi inavyoweza kuanguka chooni, kuibwa sokoni, kuzimika tu siku moja isiwake. Plasta ya baba aliikumbuka, lakini hofu ya kuipoteza sauti ile ilimshinda. Akafungua droo, akatoa flashi mbili mpya.

Wakati huo huo Celine aliingia kutoka shule, sare imejaa vumbi, akakaa kizingitini na kuanza kumsimulia habari za mwalimu wao aliyekimbizwa na bata mzinga, na Munguti akaitikia bila kusikia, macho yake kwenye mstari wa kijani, kwa sababu safari hii hangeruka kitu. Alinakili flashi ya kwanza kutoka kwenye simu yenyewe. Alinakili ya pili pia kutoka kwenye simu, si kutoka nakala. Alingoja mpaka mstari ukajaa. Hakugundua ni wakati gani habari za bata mzinga ziliishia katikati.

Akaichomeka ya kwanza kuhakikisha, akasogeza mpaka mwisho. "Uko hapo?" aliuliza Ndunge. Akashusha pumzi.

Akaichomeka ya pili, akasogeza mpaka mwisho. Mtu alivuta pumzi, nyepesi, ya haraka.

"Baba?" sauti iliuliza. "Uko hapo?"

Kizingitini, Celine aligeuka na kumtazama, mkono kooni, mdomo wake ukifunguka na kufumba bila sauti. Saa ya ukutani ilikuwa saa tisa na dakika arobaini, na nje jua lilikuwa bado kali.